Msemaji na Mkuku wa Maneno Yake

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemfunza mwanadamu kueleza yaliyo moyoni mwake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyefikisha ujumbe kwa uwazi, pamoja na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: ndugu zetu wengi wametuuliza kwa nini mawaidha siku hizi ni mengi na mabadiliko ni machache. Misikiti ina darasa, arusi zina nasaha, matangani watu huwaidhiwa, na juu ya hayo kuna redio na sauti zinazosafiri ndani ya simu. Lakini mtu huyasikiza hayo yote na akarudi nyumbani kwake kama alivyotoka. Baadhi yetu huwalaumu wasikizaji, wakasema nyoyo za watu zimekuwa ngumu. Huenda ikawa ni kweli. Lakini haki yataka tuanze kwa kujihesabu sisi wenyewe tunaosema, kabla ya kuwahesabu wanaotusikiza. Nasi leo twataka kukiri kosa letu, na kueleza tulivyofunzwa dawa yake na mzee mmoja wa Matondoni, asiyepata hata siku moja kupanda mimbari.

Kisiwa cha Amu kina mji wake uelekeao mashariki, nao wajulikana na wengi. Matondoni iko upande wa pili, magharibi, na aendaye huko hukata kisiwa kwa miguu au juu ya punda, akipita mashamba ya minazi na miembe, au huzunguka kwa mashua maji yakijaa. Ni mji wa mafundi wa vyombo. Ufukoni huonekana majahazi na mashua, mengine yamepandishwa kutengenezwa na mengine ndiyo kwanza yaanza kusimama, na uani mwa nyumba wanawake wamekaa na miyaa wakisuka ukili wa mikeka. Watu wake ni wa kazi za mikono, na mtu wa kazi za mikono ana ada moja njema: akiona kitu hakikutengenezwa sawasawa, husema.

Tuliitwa huko kusema juu ya mirathi. Waliotutaka tuseme walikuwa ni kina mama, nao walitutumia neno hili: "Tusemeeni juu ya haki ya dada katika mali ya baba, lakini msimtaje mtu." Tukafahamu. Jambo hili haliko mji mmoja tu; limeenea pwani nzima. Baba hufa akaacha shamba, nyumba, au chombo. Wana wa kiume huyashika yote. Dada zao hupewa kanga siku ya Idi na mkungu wa ndizi wakati wa mavuno, na jambo hilo huitwa wema. Miaka hupita, mashahidi hufa, na haki huzikwa pamoja nao.

Mmoja wetu akasimama baada ya sala ya Alasiri. Hakuwa ameandika kitu. Alitegemea elimu yake na wepesi wa ulimi wake, na vyote viwili alikuwa navyo. Akaanza kwa ubora wa elimu. Kutoka elimu akaingia katika ubora wa sala ya jamaa. Hapo akakumbuka kisa cha sahaba mmoja aliyekuwa mgonjwa, akaeleza adabu za kuzuru wagonjwa. Kutoka ugonjwa akaenda kwenye mauti. Na katika mauti ndipo alipoyagusa mirathi, kwa maneno mazito na aya zake, lakini wakati ulikuwa umekwisha kupita saa nzima, na jua lilikuwa laelekea kuchwa. Akamaliza kwa dua. Watu wakaitikia amina kwa sauti kubwa, nasi tukadhani tumefanya kazi.

Tulipokuwa twatoka, mtu mmoja wa makamo alitupa mkono kwa furaha akasema: "Leo tumefaidika. Adabu za kuzuru wagonjwa hatukuwa tukizijua hivyo." Nasi tulikuja kufahamu baadaye kwamba mtu huyo alikuwa ni katika wale ambao maneno yalikusudiwa wayasikie.

Kisha mzee mmoja, fundi wa vyombo, akatungoja ufukoni hata tulipofika penye mashua. Akamwambia mwenzetu kwa upole: "Maalim, mbao zako zote ni njema. Mkuku sikuuona." Akatuonyesha kwa mkono chombo kilichokuwa kikiundwa karibu naye. Mkuku ulikuwa umelazwa juu ya magogo, umenyoka, na mbele na nyuma yake miti ya kusimama imekwisha kutiwa. "Kazi huanza hapa," akasema. "Taruma litashika hapa, na ubao utafuata. Mimi siandiki katika karatasi, lakini najua kabla ya kupiga msumari wa kwanza chombo hiki ni cha kazi gani, kitabeba nini, na kitakwenda wapi. Wewe ulipiga misumari mingi."

Maneno hayo yalituingia. Tulirudi mjini usiku ule kimya, na kila mmoja wetu anajijua alivyokuwa nafsini mwake. Kwani wale kina mama walituamini kwa jambo moja, na jambo hilo hatukulifikisha. Tulisema sana, lakini hatukufikisha, na mambo haya mawili si mamoja. Kusema ni kutoa maneno kinywani. Kufikisha ni kuyatia maneno mahali pake katika moyo wa mwenye kusikia, mpaka asiwe na udhuru wa kusema "sikujua". Mwenyezi Mungu hakuwaamrisha Mitume wake kusema tu; aliwaamrisha kufikisha kwa uwazi. Basi mtu asimamaye mbele ya Waislamu bila ya kuyapanga maneno yake amepoteza amana mbili: wakati wa watu waliokaa kumsikiza, na haki ya jambo aliloitwa kulisema.

Huenda mtu akasema: "Kupanga maneno ni mambo ya wanasiasa na ya shule za kizungu. Wema waliotangulia walisema kwa yaliyo moyoni, na Mwenyezi Mungu akayatia baraka." Sisi twamjibu kwa habari za wema hao wenyewe.

Mtume alipokufa, mwaka wa 11 wa Hijra (632), Ansari walikutana katika sakifa ya Bani Saida, na Sayyidna Abubakar na Sayyidna Umar wakawaendea. Ilikuwa ni saa ya hatari kubwa. Umma ulikuwa karibu kugawanyika na Mtume hajazikwa. Sayyidna Umar mwenyewe amesimulia, nayo imo katika Sahihi ya Bukhari, kwamba alikuwa ameyatengeneza maneno ndani ya nafsi yake, maneno yaliyompendeza, akataka kuyasema mbele ya Abubakar. Abubakar akamzuia, akasema yeye. Na Umar akakiri kwamba hakuliacha neno lolote katika yale aliyoyatengeneza ila alilisema, au alisema lililo bora kuliko hilo. Tazameni basi: Umar, katika haraka ile na msiba ule, aliyapanga maneno yake njiani. Na Abubakar aliyesema papo kwa papo, alisema yale yale yaliyokuwa yamepangwa, kwa sababu mpango ulikuwa umekwisha kukaa ndani yake kwa elimu na kwa umri. Ni nani katika sisi atakayesema, "Mimi ni kama Abubakar, sihitaji"?

Na kabla ya hapo, Waislamu wa kwanza walipohamia Habasha, na Makureshi wakatuma watu kwa Najashi ili warudishwe, aliyesimama kuwasemea alikuwa Jaafar bin Abi Talib (r.a.). Uhai wao wote ulikuwa katika ulimi wake. Yatazameni maneno yake kama yalivyopokewa, mtaona vituo vitano vilivyofuatana: tulikuwa watu wa namna gani katika ujinga wetu, nani aliyetumwa kwetu, nasi twamjua ukoo wake na ukweli wake, ametuamrisha nini na ametukataza nini, watu wetu wametutenda nini kwa ajili hiyo, na kwa nini tumeichagua nchi yako, ewe mfalme, kuliko nchi nyingine. Huwezi kuondoa kituo kimoja yasianguke mengine, wala huwezi kukitanguliza cha mwisho. Najashi akataka asomewe, akasomewa katika Sura ya Maryam, akalia. Makureshi walikuwa na zawadi. Jaafar alikuwa na maneno yaliyopangika.

Na aliye bora kuliko wote, Mtume wetu (s.a.w.), aliposema na watu Mina siku ya kuchinja, katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra (632), hakuanza kwa kuamrisha wala kwa kukataza. Aliwauliza: huu ni mwezi gani? huu ni mji gani? hii ni siku gani? Na kila alipouliza alinyamaza, mpaka wakadhani atavipa vitu hivyo majina mapya. Nyoyo zote zilipokwisha kuhudhuria, akawaambia kwamba damu zao, na mali zao, na heshima zao, zina utukufu baina yao kama utukufu wa siku ile, katika mwezi ule na mji ule. Akawauliza kama amefikisha, na akawaamrisha waliohudhuria wawafikishie wasiohudhuria. Mwanzo wa kuamsha. Neno moja la katikati. Mwisho wenye kazi ya kufanya. Bibi Aisha (r.a.) amesema kwamba Mtume alikuwa akisema maneno ambayo lau mtu angetaka kuyahesabu angeyahesabu. Na amepokea Ammar bin Yasir (r.a.) kwamba mtu kurefusha sala yake na kufupisha khutba yake ni dalili ya fahamu yake katika dini. Siku hizi twaona kinyume chake: sala ni fupi na khutba haina pwani.

Wala tusiende mbali. Hiyo khutba ya Ijumaa tuisikizayo kila juma, katika madhehebu yetu ya Shafi, ina nguzo tano: kumhimidi Mwenyezi Mungu, kumsalia Mtume, kuusia takwa, na hizi tatu zimo katika khutba zote mbili, kusoma aya katika moja ya hizo mbili, na kuwaombea dua waumini katika ya pili. Na baina ya khutba mbili ni kikao. Je, huu si mpango? Maulamaa wetu walijua kwamba binadamu husahau na ulimi huteleza, wakalishika jambo hili kwa nguzo, ili khatibu awe nani au nani, mjuzi au mchache wa elimu, asiondoke mimbarini ila yaliyo ya lazima yamesemwa. Ajabu ni kwamba twaziogopa nguzo hizi zisipungue hata moja, kisha yale mawaidha tunayoyaweka baina yake twayaacha yaende kama mashua isiyo na usukani.

Basi tukirudi Matondoni: baada ya siku nyingi tuliomba ruhusa ya kwenda tena. Safari hii tulikaa sote pamoja siku mbili kabla, na karatasi moja katikati yetu. Twaieleza hapa kazi tuliyoifanya, si kwa kujisifu, bali ili ndugu zetu wa madarasa mengine waichukue wakiona ina faida, na waturekebishe wakiona ina upungufu.

La kwanza tuliandika neno moja, ndilo mkuku. Tulikubaliana kwamba msikizaji akisahau yote, lazima abaki na neno hili: "Fungu la dada yako ni mali yake tangu siku aliyokufa baba yenu, si hisani yako." Ilituchukua muda mrefu kulipata. Mwanzo tuliandika "ubora wa kugawa mirathi", tukaona hilo ni jina la kitabu tu. Tukaandika "mirathi ni wajibu", tukaona kila mtu atasema ndiyo, na asione kama aambiwa yeye. Neno la mkuku lazima liwe ni neno ambalo mtu aweza kulikubali au kulikataa. Kama huwezi kuliandika neno lako kwa msitari mmoja, hujawa tayari kusimama. Kaa usome zaidi.

La pili tulijiuliza: ni nani watakaosikiza, na wana wakati gani? Wavuvi hufuata maji, na maji hayamngoji sheikh. Wanawake watakuwa nyuma ya pazia, na haifai sauti isiwafikie. Tukaona robo saa yatosha, na ikizidi isifike nusu. Amesema Sayyidna Ali (r.a.) kwamba watu wasemezwe kwa kadiri ya wanavyofahamu, basi tukayaacha maneno ya wanachuoni ya asaba na awli, tukachukua jahazi na shamba.

La tatu tuliweka mataruma, yaani vituo, navyo tukavifanya vinne tu. Kituo cha kwanza: nani aliyegawa? Si baba wala kadhi wala mila. Ni Mwenyezi Mungu mwenyewe katika Sura ya Annisaa, aya ya 11 na ya 12 na ya mwisho wake, na baada ya kugawa akasema kwamba hiyo ni mipaka yake. Tena tujue kwamba fungu hutoka baada ya kulipwa deni la maiti na kutekelezwa wasia wake usiozidi thuluthi. Kituo cha pili: hesabu yenyewe. Kituo cha tatu: nyudhuru za watu na majibu yake. Kituo cha nne: la kufanya.

La nne tulikipa kila kituo dalili moja na mfano mmoja, na tukaitazama kila dalili kitabuni, tusiitegemee kumbukumbu. Wangapi katika sisi huwataja watu hadithi ambazo Mtume hakuzisema, si kwa uovu bali kwa uvivu wa kufungua kitabu! Na katika hesabu tuliweka mfano huu: mtu amekufa akaacha mke, mwana wa kiume mmoja na wa kike wawili, na jahazi likatiwa bei likafika shilingi 320,000. Mke ana thumni, nayo ni 40,000. Zilizobaki ni 280,000. Mwana wa kiume ana mafungu mawili na kila wa kike ana moja. Basi yeye ni 140,000 na kila dada ni 70,000. Tukaipiga hesabu hiyo mara tatu kabla ya kuondoka, kwani msemaji akikosea hesabu mbele ya watu wa baharini, hakuna atakaloliamini tena.

La tano tulipanga mwanzo na mwisho, na haya mawili tuliyahifadhi kwa moyo. Mwanzo ulikuwa ni suali: "Jahazi likiwa la watu wanne, nahodha akala nauli peke yake, mwamwitaje?" Na mwisho ulikuwa ni kazi moja yenye siku yake: kabla ya Ijumaa ijayo, kila aliyeshika mali ya marehemu aandike katika karatasi majina ya warithi wote, wake na waume. Hatukumwambia agawe leo. Tulimwambia aandike majina, kwani aliyekwisha kuandika jina la dada yake hawezi tena kusema hayumo.

La sita, nalo ndilo gumu, tuliondoa. Kulikuwa na kisa kizuri, na beti mbili, na maneno juu ya mahari, na lawama kwa vijana. Yote yalikuwa mbao njema, lakini hayakushika katika mkuku huu. Fundi haondoi ubao kwa kuwa ni mbaya. Huuweka kando kwa chombo kingine. Msemaji asiyeweza kuacha neno zuri nje hupenda maneno yake kuliko anavyowapenda wanaomsikiza.

La saba, tuliandika vituo hivyo kwa maneno machache katika kipande cha karatasi kisichozidi kiganja. Hatukuandika hotuba nzima, kwa sababu asomaye karatasi macho yake huwa chini, na watu humwacha na karatasi yake. Kisha mwenzetu akatusemea sisi kwanza, nasi tukamtazamia saa. Mara ya kwanza alichukua dakika arubaini. Mara ya tatu alichukua ishirini.

Tulipokwenda, alisema hivyo hivyo. Alipofika katika nyudhuru palinyamaa kimya. Wasema dada ameolewa na ana mume wa kumlisha: hilo alilijua aliyegawa, naye ndiye aliyempa ndugu mafungu mawili kwa sababu ana watu wa kulisha, lakini hakusema la dada lifutwe. Wasema jahazi haligawiki: kweli jahazi halikatwi kwa msumeno, lakini huuzwa ikagawanywa thamani, au mmoja hununua mafungu ya wenzake, au hubaki la shirika na nauli ikagawanywa kwa mafungu. Wasema dada amenyamaza, basi amesamehe: kunyamaza kwa haya na kwa kuogopa kuvunja udugu si kusamehe, husamehe aliyekwisha kukabidhiwa haki yake mkononi, kisha akairudisha kwa radhi yake.

Hatukuona mwujiza siku hiyo, wala hatutaki mtu adhani hivyo. Watu walitawanyika. Lakini yule ndugu wa makamo, aliyetushukuru mara ya kwanza kwa adabu za kuzuru wagonjwa, safari hii hakutushukuru. Alibaki amekaa hata watu walipopungua, kisha akatujia akauliza kwa sauti ndogo: "Na kama marehemu ameacha mama yake pia?" Tukamweleza kwamba mama ana sudusi, na mafungu yahesabiwa upya. Akaomba kalamu. Kama aligawa baadaye au hakugawa, hilo ni baina yake na Mola wake. Lakini hakuondoka akiwa hakusikia, na hilo ndilo tuliloamrishwa sisi.

Enyi ndugu, jambo hili si la masheikh peke yao. Zama hizi watu wa visiwa hivi huitwa mara kwa mara katika mabaraza ya serikali kutoa maoni yao juu ya ardhi, na bandari, na mikoko, na uvuvi. Katiba ya nchi ya mwaka 2010, katika kifungu cha 10, imehesabu kushirikishwa kwa wananchi kuwa ni katika misingi ya utawala. Nanyi mwakumbuka kwamba tarehe 26 Juni 2019 baraza la hukumu za mazingira lilibatilisha ruhusa ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe hapa Lamu, na katika sababu zake ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Basi neno la mwananchi lina uzito katika sharia. Lakini twaonaje mabarazani? Mzee wetu mwenye haki iliyo wazi hupewa dakika tatu. Mbili huzimaliza kwa maamkizi na kwa historia ya babu yake. Ya tatu hukasirika. Na mwenye kuandika haandiki kitu. Lau angekuja na vituo vitatu — tumepoteza nini, ni ushahidi gani, twataka nini — yangeandikwa. Haki isiyopangwa husikilizwa kama kelele.

Na jambo hili lina mwalimu wake katika habari za Nabii Musa (a.s.). Alipotumwa kwa Firauni, katika Sura ya Taha, hakuomba jeshi. Aliomba akunjuliwe kifua chake, na afanyiwe wepesi kazi yake, na afunguliwe fundo la ulimi wake ili watu wapate kufahamu maneno yake. Na akaomba apewe Haruni nduguye awe msaidizi. Hili ndilo adabu ya msemaji: kwanza nafsi itulie, pili kazi ieleweke, tatu ulimi usitatize, na nne awe na nduguye wa kumsaidia. Na makusudio ya yote hayo ni moja, nayo ni wapate kufahamu. Hakuomba ulimi ili asifiwe.

Lakini jihadharini na upande wa pili pia. Kupanga maneno si kuyapamba. Mtu aweza kuupanga uwongo ukapangika vizuri, na mkuku ulionyoka waweza kubeba magendo. Kabla ya kujiuliza "nitasemaje?", jiulize "nasema kwa ajili ya nani?" Na ukisimama kusema juu ya haki ya dada na dada yako mwenyewe hajapata fungu lake, basi karatasi yako ianze nyumbani kwako. Nasi tulipokaa siku mbili zile, mmoja wetu aliondoka katikati ya kazi, akaenda kwao, akarudi kesho yake. Hatukumwuliza, naye hakutwambia.

Basi twawanasihi walimu wa madrasa wawafundishe wanafunzi wao wakubwa, wa kike na wa kiume, kuandika vituo vya maneno kabla ya kusimama mbele ya wenzao; na twawanasihi wenye darasa wasione haya kushika karatasi ndogo mkononi. Haya ni kumweka mtu aliyetoka shambani au baharini amekaa saa nzima, kisha arudi hana alilolipata.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atukunjulie vifua vyetu, na atufungulie mafundo ya ndimi zetu, na aufanye ukweli ututangulie nyumbani kwetu kabla ya kututoka vinywani. Na yeye ndiye mwenye kuwafikisha katika lililo sawa.